Mafunzo ya Nje ya Ofisi kwa Timu na Viongozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa maofisa rasilimali watu, wakuu wa idara na kamati za wafanyakazi zinazopanga kuwatoa watu ofisini kwa mafunzo. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanya kazi ya uwezeshaji.

Mafunzo haya ni kitu gani hasa?

Ni mafunzo ya vitendo yanayofanyika msituni, mlimani, ziwani, ufukweni au hata kwenye uwanja wa shule. Kundi linapewa kazi halisi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake, linaifanya, kisha linakaa chini kuzungumza yaliyotokea. Kazi inaweza kuwa kufunga chelezo kwa mapipa na kamba kisha kuvukia, kutafuta alama zilizofichwa msituni kwa ramani na dira, au kusimamisha hema huku nusu ya kundi wakiwa wamefungwa vitambaa machoni.

Mtaalamu wa elimu wa Marekani, David Kolb, aliandika mwaka 1984 kuhusu mzunguko wa hatua nne: mtu anapitia jambo, analitafakari, anapata kanuni, anaijaribu mahali pengine. Makampuni mengi huishia hatua ya kwanza, wakapiga picha, wakarudi mjini.

Yana tofauti gani na bonanza?

Bonanza ni kuvuta kamba, kukimbiza kuku, kukimbia na magunia, mpira, netiboli, halafu nyama choma na muziki. Watu hufurahi, na baada ya miezi ya kufunga hesabu wana haki ya kufurahi. Ila bonanza haliwaulizi watu wa mauzo na wa uhasibu kwa nini wamekaa miezi hawasalimiani. Litawaweka kwenye timu mbili pinzani, wapigiane kelele, waondoke vilevile walivyokuja.

Fanyeni yote mawili mkiweza, lakini kwa siku tofauti. Nimeona ratiba ambamo tafakari ilibanwa kati ya fainali ya kuvuta kamba na chakula cha mchana, muziki ukiwa tayari umeshafunguliwa. Hakuna anayesema jambo la maana katika hali hiyo.

Yalianzia wapi?

Chimbuko linalotajwa sana ni Aberdovey, Wales, mwaka 1941. Katikati ya Vita Kuu ya Pili, meli za biashara za Uingereza zilikuwa zinazamishwa Atlantiki, na mabaharia vijana wakawa wanakufa katika mashua za kuokolea maisha. Mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, Kurt Hahn, akishirikiana na Lawrence Holt wa kampuni ya meli ya Blue Funnel, alianzisha shule ya mafunzo mafupi baharini na milimani iliyoitwa Outward Bound. Wazo lilikuwa kumpa kijana hali ngumu iliyopangwa, akajifunza kujitegemea na kumtegemea mwenzake kabla hajakutana na ile isiyopangwa.

Wazo hilo lilifika kwetu mapema. Katika miaka ya 1950 tayari kulikuwa na shule ya Outward Bound Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Marekani nako, mwaka 1971, mradi wa Project Adventure ulianza kuyapeleka mafunzo ya aina hii katika shule za kawaida, na baadaye makampuni yakayachukua.

Wengi wetu tumepita JKT. Kuna jipya gani hapa?

Swali zuri, na huulizwa kila nikikaa na kundi lenye watu wa makamo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, limewapa Watanzania wengi ukakamavu, nidhamu na marafiki wa maisha. Watu wa mujibu wa sheria, yaani wanaokwenda JKT kwa sababu sheria inawataka, wa zamani na wa baada ya utaratibu kurejeshwa 2013, huingia katika mafunzo haya wakiwa wepesi wa mwili na hodari wa kuvumilia jua.

Lakini kule mtu anajifunza kupokea amri na kuitekeleza bila kuchelewa. Sisi hapa tunalifanyia kazi jambo ambalo jeshi halikukusudia kulifundisha kwa kuruta: kumwambia mkubwa, kwa heshima na kwa wakati, kwamba njia aliyoichagua haitufikishi. Mara nyingi waliopita JKT ndio wa kwanza kumaliza zoezi la nguvu, na ndio wa mwisho kufungua mdomo mkubwa akikosea.

Kwa nini nje? Hatuwezi kufanyia ukumbini hotelini?

Mnaweza kufanya baadhi. Lakini ukumbini kila mtu anajua pa kukaa. Mkurugenzi anaketi mbele, katibu muhtasi anaketi karibu na mlango, dereva anabaki kwenye gari. Cheo kinaingia pamoja na viti. Msituni hakuna meza kuu, na ramani haimjui mkurugenzi.

Chukua zoezi moja dogo lisilohitaji gharama, la fimbo inayopaa. Tafuta mwanzi mwembamba, au bomba la plastiki lile la kupitishia nyaya za umeme. Watu wapange mistari miwili, watazamane, kila mmoja anyooshe vidole viwili vya shahada usawa wa kifua, kisha fimbo ilazwe juu ya vidole vyote. Kazi ni kuishusha mpaka chini, na kidole cha mtu yeyote kisiachane nayo hata kidogo.

Fimbo haishuki, inapanda. Kila mtu, kwa kuogopa kidole chake kisiachane nayo, anasukuma juu kidogo tu, na visukumo vya vidole vyote vikijumlishwa vinauzidi uzito wa fimbo. Hapo kelele zinaanza. "Jamani, shusheni!" "Nani anapandisha?" "Mimi sipandishi, angalieni upande ule!" Kila mmoja ana uhakika kwamba tatizo liko kwa mwingine.

Nakumbuka kundi moja ambalo mkuu wa idara alisimama katikati ya mstari akitoa amri, fimbo ikazidi kupanda mpaka usawa wa nyuso. Mwishoni mwa mstari alikuwepo dereva wa ofisi. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Tupige magoti kwanza, halafu twende kwa kuhesabu." Hakuna aliyegeuka. Akarudia baada ya muda, na safari hii mama mmoja wa uhasibu akapaza sauti, "Msikilizeni, anasema tupige magoti!" Wakapiga magoti, wakahesabu pamoja, fimbo ikafika kwenye majani.

Tulipokaa, niliuliza swali moja: nani alimsikia mara ya kwanza? Mikono kadhaa ikanyooshwa. Walimsikia, wakangoja aseme mtu mwenye cheo. Mkuu wa idara alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza dereva, "Hata kule ofisini huwa unasema tusikusikie?" Dereva akajibu, "Mzee, ile njia ya kupeleka mizigo nilishasema." Tulikaa kwenye hiyo njia ya mizigo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mazungumzo hayo yasingezaliwa katika ukumbi ambao dereva hakuingia.

Kwa sababu hiyo huwa nasisitiza madereva, walinzi, wahudumu wa ofisi na wa mapokezi wawe kwenye orodha kama washiriki, sio kama watumishi wa shughuli.

Tuende wapi?

Kwa ofisi za Dar es Salaam, jirani kabisa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kuna njia za kutembea, kivuli, na mapango ya zamani ya kaolini (udongo mweupe) yenye popo. Ni pa siku moja bila kulala.

Chaguo ninalolipenda zaidi ni Morogoro. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR (reli ya kisasa) inawafikisha kutoka Dar kwa chini ya saa mbili, na safari ya pamoja kwenye behewa ni mwanzo mzuri kuliko foleni ya Kimara. Juu ya mji iko milima ya Uluguru, na kupanda kwenda Morningside kupitia mashamba ya watu kunatosha kuwaonyesha nani anatangulia bila kuangalia nyuma na nani anamsubiri mwenzake. Lushoto, na msitu wa Magamba, inafaa kundi la viongozi linalotaka siku tatu za baridi na utulivu. Arusha kuna Ziwa Duluti pale Tengeru, ziwa la kreta ambako mnaweza kupiga kasia wawili wawili. Watu wawili katika mtumbwi mmoja hugundua haraka sana kama wanasikilizana.

Kwa walioko Nairobi, vilima vya Ngong na Mlima Longonot ni vya siku moja, na Sagana kwenye Mto Tana ni maarufu kwa maboti ya mpira kwenye maji ya kasi. Jinja, Uganda, nako kuna Nile.

Kokote mtakakokwenda, ombeni kibali cha hifadhi mapema na mtumie waongozaji wa kijiji husika. Epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei, hasa milimani. Njia huwa utelezi mtupu, na radi haina mzaha.

Mkurugenzi anataka tupande Kilimanjaro. Ni wazo zuri?

Kama lengo ni kuchangisha fedha, lina historia nzuri: Kili Challenge ya mgodi wa Geita imekuwa ikipandisha watu tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Kama lengo ni kujenga timu ya kazi, mimi hushauri wasubiri.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili unaweza kuanza kuugua kwa upungufu wa oksijeni, na ugonjwa huo hauangalii mazoezi wala cheo. Kijana wa gym anaweza kutapika pale ambapo mhasibu mnene anapita polepole akiimba. Kwa hiyo mwishoni timu inagawanyika kati ya "waliofika" na "walioshindwa", na mgawanyiko huo unarudi nao kazini. Zaidi ya hapo, kule juu mtu hana pumzi ya kujadili mawasiliano ya idara.

Mkiutaka mlima huo kweli, nendeni geti la Marangu mpaka kituo cha Mandara, karibu mita 2,700, na kurudi siku hiyohiyo. Mtapita msitu mzuri, mtatembea pamoja, mtazungumza.

Na kwa viongozi wanaokwenda hadi kileleni, jambo moja nawaomba waliangalie kwa makini: wapagazi. Mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20. Kiongozi anayejua majina ya wapagazi wake na anayeuliza kama wamekula, amejifunza jambo kubwa kuliko cheti cha kileleni.

Siku ngapi zinatosha?

Siku moja kwa tatizo moja. Siku mbili na usiku mmoja kwa timu mpya au timu iliyogombana. Tatu kwa viongozi. Zaidi ya hapo watu wanawaza familia.

Mazoezi gani tuyakatae?

Lile la mtu kujiangusha kinyumenyume kutoka juu ya meza ili wenzake wamdake. Linaonekana kama zoezi la kuaminiana, lakini wenzake wakikosea hata kidogo anaangukia kichwa. Kuaminiana kunajengwa na kazi ndogondogo zinazotimizwa.

Kuvuta kamba kunahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1997 jijini Taipei kamba ilikatika katika mashindano ya watu zaidi ya 1,600, na wanaume wawili wakakatika mikono. Kamba ya nailoni iliyonunuliwa kwa kufungia mizigo haifai, na mtu yeyote asijizungushie kamba mkononi au kiunoni. Mkishindwa kupata kamba sahihi, liacheni.

Kataeni pia adhabu za kuaibisha walioshindwa, mazoezi ya kumfanya mtu asimulie siri za ndoa au utoto wake mbele ya bosi, na zoezi lolote linalolazimisha wanaume na wanawake kushikana miili. Pombe isionekane kabla ya kazi ya mwisho ya siku kwisha.

Wasioweza kushiriki zoezi fulani tuwafanyeje?

Utaratibu uliozoeleka duniani ni changamoto kwa hiari: kila mtu anachagua kiasi cha kushiriki, na hakuna anayeulizwa sababu mbele za watu. Lakini hiari hiyo iwe ya kweli. Bosi akisema "hakuna kulazimishwa" halafu akamkazia mtu macho, hiari imekwisha.

Wapelekeeni washiriki fomu fupi ya afya wiki mbili kabla, irudi kwa mwezeshaji au muuguzi, isipitie kwa mkuu wao wa kazi. Mjamzito, mwenye presha, pumu au kifafa watajulikana bila kutangazwa. Watu wengi wazima kwetu hawajui kuogelea, wakiwemo waliozaliwa mita chache kutoka baharini, na wanaona aibu kusema. Kila anayeingia majini avae jaketi okozi lililofungwa vizuri, hata anayejisifu kuwa mvuvi.

Semeni mapema kwamba kila mtu avae mavazi anayoona yanamsitiri. Hijabu na sketi ndefu hazizuii kusoma ramani. Ratiba iwe na nafasi ya swala bila mtu kuomba ruhusa, na kwa kundi lenye Waislamu usipange mafunzo ya kuchosha mwezi wa Ramadhani. Kwa mwenye ulemavu, muulizeni yeye anavyopenda kushiriki kabla ya kupanga, maana kubuni zoezi upya ni rahisi kuliko kumketisha pembeni awe mtunza muda siku nzima.

Mtu akiumia, nani anawajibika?

Mwajiri hawezi kuliweka kando jambo hili kwa kusainisha watu karatasi ya "nimekubali hatari". Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, Kenya kuna sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, ya 2007. Fidia huangalia kama ajali imetokana na kazi. Kwa hiyo andikeni barua rasmi kwamba mafunzo ni shughuli ya kazi, taja tarehe, mahali na majina, na waulizeni WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) au bima yenu kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Mtoa huduma wa mafunzo mwulizeni: kati ya wawezeshaji wenu, nani amesomea huduma ya kwanza? Hospitali ya karibu ni ipi na gari litafika kwa dakika ngapi? Kamba na helmeti zilikaguliwa lini? Simu inashika wapi na wapi haishiki? Akijibu kwa ujumla ujumla, tafuteni mwingine. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Tafakari inaendeshwaje?

Maswali matatu yanatosha, na mfuatano wake ni muhimu: Nini kimetokea? Kina maana gani kwetu? Tufanye nini tukirudi? Watu hupenda kurukia la tatu, wakatoa majibu ya semina: "tuboreshe mawasiliano", "tushirikiane". Mwezeshaji mzuri anawarudisha la kwanza. Nani alisema nini? Ramani ilikuwa mkononi mwa nani, na ilikaa hapo muda gani? Uliponyamaza ulikuwa unawaza nini?

Mkae duara, chini au kwenye magogo. Wa cheo cha chini aanze, mkubwa amalizie, kwa sababu mkubwa akishasema wengine wote watakuwa wanaunga mkono hoja. Wape watu dakika tatu za kuandika kabla ya kusema, maana wako wenye mawazo mazuri ambao hawapendi kugombea nafasi ya kuongea. Muda wa tafakari ukaribiane na muda wa zoezi lenyewe. Na Kiswahili kitumike. Nimeona watu wakijieleza kwa Kiingereza cha ripoti, maneno mazuri yasiyogusa kitu, kisha mtu mmoja akabadili lugha, na ghafla kila mtu ana la kusema.

Tunaweza kuyatumia kuchagua nani apandishwe cheo?

Hapana. Watu wakijua wanapimwa wataigiza. Na anayeng'ara kwenye maji huenda asing'are kwenye mkataba.

Tutajuaje kama yamefaa?

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2009 katika jarida la Small Group Research ulionyesha kwamba kujenga timu kunasaidia, na sehemu zenye matokeo makubwa zaidi ni kuweka malengo na kufafanua nani anafanya nini. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chagueni jambo moja linaloonekana kwa macho: vikao vinavyochelewa kuanza, malalamiko ya mteja yanayozunguka madawati matatu, taarifa za tawini zisizofika makao makuu. Mazoezi yachaguliwe kwa ajili ya hilo. Baada ya siku 30, na tena baada ya siku 90, kaeni nusu saa mwangalie limebadilika au la. Fomu ya "mafunzo yalikuwa mazuri sana" inayojazwa ndani ya basi inaeleza zaidi chakula kilivyokuwa.

Bajeti yetu ni ndogo. Tuache?

Msiache. Kinachokula fedha ni hoteli, fulana zenye nembo na mpiga picha. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi, mwanzi, kamba, vitambaa, madumu ya maji, chakula cha mama lishe na mwezeshaji mmoja mwenye uzoefu kwa kila watu 12 hadi 15 vinatosha. Mkikosa fedha za vyote, punguzeni safari, msipunguze wawezeshaji.

Bosi wetu anasema atakuja kufungua na kufunga tu. Tuendelee?

Ningeahirisha. Akifungua na kuondoka, wafanyakazi wataelewa kwamba wao ndio wenye tatizo na yeye ni mgeni rasmi, na yote watakayoahidiana yatasubiri idhini ya mtu ambaye hakuwepo. Mara nyingi anayekataa haogopi kazi. Anaogopa kuonekana ameshindwa mbele ya vijana wake. Hofu hiyo inastahili kuheshimiwa, basi mwezeshaji akutane naye faragha kwanza, amweleze zoezi moja baada ya jingine, amwambie wazi kwamba hatamwaibisha. Amwombe nusu siku tu, ile ya kwanza, akiwa mshiriki wa kawaida kwenye kundi ambalo hakulichagua yeye, simu yake ikiwa kwa katibu muhtasi. Katika zoezi la kwanza apewe kitambaa cha macho, aongozwe na mfanyakazi mpya kuliko wote. Akikubali hilo, wekeni tarehe.